Ndege Mwenye Jina la Pangani

Somo la Historia kwa Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Wale mnaosikiliza kwa vikundi, mmoja wenu na ashike kalamu na karatasi, maana mwisho wa somo pana maswali ya kujadiliana.

Mara nyingi tukitaja historia, twafikiri habari za masultani, majumbe, vita na misafara. Leo tutasema habari za ndege mmoja wa nyikani. Urefu wake haupiti shubiri moja, hana bei sokoni, wala hali mpunga wa mtu. Lakini amelichukua jina la Pangani mpaka katika vitabu vya ulimwengu mzima. Na katika habari zake twaweza kujifunza jambo linalotupasa sote: mtu aliyeona kitu kwa nukta chache tu, maneno yake yapokewe vipi?

Natuanze na mfano. Tuseme ni saa moja asubuhi. Mtu anatoka Mwera kwa baiskeli, anakwenda Pangani mjini. Jua liko mbele yake. Kando ya njia pana uwanja wa nyasi, na ghafla ndege anaruka kutoka katika nyasi hizo. Mtu wetu anaona kifua cha manjano, na juu ya kifua alama nyeusi kama kidani. Anaona weupe katika pembe za mkia. Ndege anakwenda chini chini, anatua nyuma ya kichuguu, basi, haonekani tena. Mambo yote yamekwisha kabla mtu hajahesabu mpaka kumi.

Jioni, barazani, anawasimulia wenzake. Mmoja asema, "Huyo ni mnana." Mwingine asema, "Chiriku." Wa tatu acheka na kusema kwamba jua lilimpiga. Ndipo mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, uliona au ulidhani?"

Swali hilo la mzee ndilo somo letu la leo. Tena ni swali lenye historia ndefu.

Wenyeji na majina yao

Watu wa pwani na wa bara iliyo nyuma yake, Wazigua, Wabondei, Wasambaa na wengine, walikuwa na elimu ya ndege kabla ya kitabu chochote kuandikwa. Elimu hiyo ilishika zaidi sauti na tabia. Kwarara amepewa jina kwa kelele zake apitapo angani. Dudumizi naye, jina lake ni kama sauti yake inavyodunda kichakani, na wengi husema akilia mvua i karibu. Mtu hana haja ya kumwona dudumizi ili amjue. Amemsikia, basi inatosha.

Lakini kila elimu hufuata haja. Ndege anayekula mtama, ndege anayeiba vifaranga, ndege anayeongoza watu kwenye asali, hao hujulikana sana. Ndege mdogo wa nyasini asiyeleta faida wala hasara mara nyingi huachwa katika jina moja na wenzake. Ndiyo maana barazani kila mtu alikuwa na jina lake la kumpa ndege yule.

Ndege katika mizigo ya msafara

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa njia kubwa. Misafara ilitoka hapa ikapanda pamoja na mto kwenda upande wa Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1876 alifika Unguja daktari mmoja Mjerumani, Gustav Adolf Fischer. Mwaka 1882 alitoka Pangani na msafara kwenda nchi ya Wamaasai, na mwaka 1883 alifika Naivasha. Njiani alikusanya ndege, na ngozi zao zilipelekwa Berlin kwa mtaalamu wa ndege aliyeitwa Anton Reichenow. Fischer alifariki mwaka 1886, lakini jina lake limebaki katika ndege kadhaa. Mmoja ni shorobo wa misitu ya pwani yetu, yule wa rangi ya kijani mwenye kishungi chekundu, ambaye Reichenow alimpa jina la Fischer mwaka 1878.

Yafaa tufahamu jinsi ndege alivyoingia kitabuni siku zile. Kwanza alipigwa risasi. Kisha alichunwa kwa uangalifu ili manyoya yasiharibike, na ngozi ikapakwa dawa yenye sumu ya aseniki ili wadudu wasiile. Ngozi ilijazwa pamba, ikafungwa kikaratasi mguuni chenye jina la mahali na tarehe. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi mpaka pwani, kisha merikebuni mpaka Ulaya. Huko mtaalamu aliilaza ngozi mezani pamoja na ngozi nyingine, akapima bawa, mdomo na mkia. Ikiwa haikulingana na yoyote, alitoa jina jipya.

Ndivyo alivyopata jina ndege wetu. Mwaka 1891 Reichenow alimwita Macronyx aurantiigula. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni kucha kubwa, kwa kuwa kidole chake cha nyuma kina ukucha mrefu sana unaomfaa kutembea juu ya nyasi. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni koo la rangi ya chungwa. Msidhani ni rangi ya machungwa yetu ya Muheza, ambayo huiva na ganda lake likali kijani. Fikirini kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Sisi katika somo hili tutamwita kucha-ndefu.

Kumbukeni Pangani ilikuwa katika hali gani miaka ile. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuipinga kampuni ya Wajerumani iliyotaka kutawala miji yao. Abushiri bin Salim, mmoja wa wakuu wa vita hivyo, alinyongwa hapa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe iliipokea nchi kutoka mikononi mwa kampuni. Basi mwaka ule ule ambao nchi iliandikwa katika daftari za watawala, na ndege huyu aliandikwa katika daftari ya wataalamu. Wenyeji hawakuulizwa katika hili wala katika lile.

Jina la mto, si la mji

Katika Kiingereza ndege huyu huitwa kwa jina la Pangani. Wasikilizaji wa Pangani mwaweza kufurahi, lakini ngojeni kidogo. Pangani ya jina hili ni mto. Mto huo hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, hupita katika nyika kavu, kisha ndipo hufika baharini penye mji wetu. Na kucha-ndefu mwenye koo la rangi ya chungwa ni ndege wa nyika kavu, mahali penye nyasi na vichaka vya hapa na pale, katika kaskazini mashariki ya Tanzania, katika Kenya na kusini ya Somalia.

Huyu anaye ndugu yake. Ndugu huyo ni mkubwa kidogo, koo lake ni la manjano safi, na umanjano huo huenea kifuani na tumboni kote. Yeye hupatikana katika nchi nyingi za Afrika, na katika nyasi za pwani yetu yumo. Wote wawili wana kidani cheusi. Wote wawili wana weupe katika pembe za mkia. Wote wawili wana mgongo wa hudhurungi wenye michirizi, hata wakiinama nyasini huwaoni.

Basi ndugu yetu wa baiskeli alimwona yupi? Aliye na jina la Pangani, au yule asiye na jina hilo lakini ambaye ni rahisi zaidi kuonekana karibu na mji? Hapa ndipo penye ugumu. Na wataalamu wa zamani wangalimjibu kwa ukali: "Tuletee ngozi yake. Bila ngozi hatuandiki kitu."

Tusiwalaumu upesi. Walijua kwamba jicho hukosea. Lakini kanuni yao ilikuwa na hasara mbili. Ndege aliyekufa haruki, haimbi, wala hajengi kiota, kwa hiyo wakajua sana manyoya na wakajua kidogo maisha. Na ya pili, ilifunga mdomo wa kila mtu asiye na bunduki na sanduku la kupeleka Berlin au London. Mkulima aliyewatazama ndege wa shamba lake miaka 30 hakuhesabiwa kuwa shahidi.

Macho ya Amani

Mabadiliko yalikuja polepole, na sehemu moja ya mabadiliko hayo ilitokea katika mkoa wetu wa Tanga. Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya kwanza chuo kiliingia mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1928 alikuja kufanya kazi huko Reginald Moreau, mtu aliyekuwa amefanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu huko Misri. Alikaa Amani mpaka mwaka 1946. Yeye na mkewe Winifred walikusanya ngozi kama wengine, lakini pia walitaka kujua ndege anaishi vipi: anataga lini, analeta chakula mara ngapi kiotani, wazazi wanasaidiana namna gani.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na bunduki. Hufanywa na mtu anayekaa kimya akatazama, tena akasema alichokiona bila kukiongeza chumvi. Moreau alisaidiwa na Waafrika waliokuwa na macho hayo, na aliyejulikana zaidi ni Salimu Asumani. Wataalamu wanaosoma maandishi ya Moreau hukutana na jina la Salimu, na hiyo ni heshima ambayo wasaidizi wengi wa zamani hawakuipata. Walakini, ndege mmoja wa milima ya Uluguru aliyeandikwa mwaka 1938 alipewa jina la Winifred. Salimu alibaki kuwa msaidizi.

Baadaye, katika nchi nyingine, Mwafrika mmoja alipata jina la ndege, na habari yake inatufundisha jambo la ajabu. Jali Makawa, mtu wa Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi, alifanya kazi miaka mingi na mtaalamu Mwingereza, C. W. Benson. Mwaka 1964, katika kaskazini magharibi ya Zambia, alipatikana ndege mdogo wa jamii ya wale ambao sauti yao ni kama nyundo ya mfua chuma. Hakulingana na mwingine yeyote. Mwaka 1965 alipewa jina la Makawa. Tangu siku hiyo watu wamekwenda kumtafuta, na hajapatikana wa pili. Na katika miaka ya karibuni, uchunguzi wa urithi wa chembe za mwili wake umeonyesha kwamba yu karibu mno na ndege wa kawaida wa jamii ile. Yawezekana alikuwa ni ndege wa kawaida aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida.

Mmeona, wasikilizaji? Hapa ngozi ilikuwapo, imepimwa, imewekwa sandukuni. Hata hivyo shaka haikwisha. Basi ndege aliye mkononi si hakika yote, na ndege aliye kichakani si uongo wote. Kila shahidi hana budi kuulizwa maswali.

Jicho lapewa ruhusa ya kushuhudia

Mwaka 1934 huko Marekani, Roger Tory Peterson alitoa kitabu kidogo cha kuchukua mkononi. Aliwachora pamoja ndege wanaofanana, wote wakitazama upande mmoja, akaweka vistari vya kuonyesha zile alama chache zinazomtenga huyu na yule. Mtu hakuhitaji tena kupima bawa. Alihitaji kujua atazame wapi. Kwetu Afrika ya Mashariki, Mackworth-Praed na Grant walitoa vitabu vyao vikubwa vya ndege mwaka 1952 na 1955, na mwaka 1963 John Williams alitoa kitabu cha mkononi. Kwa njia hiyo mtu mwenye macho tu alianza kukubaliwa barazani kwa wataalamu, lakini kwa masharti.

Masharti hayo nataka myaandike. Ni maswali matano, na kila mmoja wenu aweza kujiuliza, hata kama hana kitabu wala darubini.

La kwanza, alikuwa na ukubwa gani? Usiseme "mdogo" au "mkubwa" tu. Mpime kwa ndege unaowajua. Kucha-ndefu ni mkubwa kuliko shomoro, ni mdogo kuliko tetere.

La pili, alama zilikuwa wapi? "Ana manjano" haitoshi, maana hata mnana ana manjano. Manjano ya koo, ya kifua au ya tumbo? Kidani kilizunguka koo au palikuwa na doa tu? Kwa ndege zetu wawili, siri yote i katika koo na tumbo. Mwenye koo la rangi ya chungwa, umanjano wake uko katikati ya tumbo, na ubavuni ana michirizi. Ndugu yake ni manjano tumbo zima.

La tatu, alifanya nini? Mnana hukaa mtini kwa makundi na kelele. Kucha-ndefu hutembea chini, huruka karibu na nyasi, hupiga mabawa kwa haraka kisha hunyosha na kuteleza, halafu hutua juu ya kichaka au kichuguu. Mara nyingi mwendo humtambulisha ndege kabla ya rangi.

La nne, mahali gani na mwezi gani? Huko Marekani wako ndege wa mbuga wenye kifua cha manjano, alama nyeusi shingoni na weupe mkiani. Ukiwaweka kando ya kucha-ndefu utasema ni watoto wa mama mmoja. Kumbe si jamaa hata kidogo. Kucha-ndefu ni wa jamaa moja na wale ndege wembamba watembeao wakitikisa mkia. Nyasi za huku na nyasi za kule zimewavisha nguo za kufanana. Kwa hiyo mahali napo ni shahidi, wala haifai kumwacha nje.

La tano, nuru ilikuwaje? Hili wengi husahau. Jua la asubuhi na la jioni hugeuza manjano yakawa kama chungwa. Jua likiwa nyuma ya ndege, rangi zote huwa nyeusi. Ndugu yetu alikuwa anakwenda mashariki saa moja asubuhi. Hata angesema kwamba koo lilikuwa la rangi ya chungwa, ingetupasa kumwuliza jua lilikuwa wapi.

Tena pana hatari moja kubwa kuliko zote. Mtu akisha kupewa jina, akili yake huanza kupaka rangi. Mwambie, "Huyo alikuwa fulani," na usiku ule ule atakumbuka alama ambazo hakuziona. Hasemi uongo, anajidanganya bila kujua. Ndiyo maana wenye kazi hii hufanya hivi: huandika kwanza walichokiona, papo hapo, ndipo hufungua kitabu. Kadhi naye huwatenga mashahidi wasisikilizane kabla ya kusema. Sisi tutenge jicho na jina.

Faida yake ni nini?

Huenda mtu akauliza, yote haya ya nini, na ndege haliwi? Ni swali la haki.

Mwaka 1893 miche ya mkonge kutoka Florida ililetwa nchini na Richard Hindorf. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo mashamba ya mkonge yalienea, na sura ya nchi ikabadilika. Leo tukitaka kujua palikuwa na nini mahali fulani kabla ya mkonge, kabla ya minazi, kabla ya nyumba, tutamwuliza nani? Wazee hufariki. Lakini kikaratasi kimoja kisemacho, "Siku fulani, mahali fulani, nyasi, ndege wa namna hii," hicho hubaki. Ndege wa nyasi akiwapo, nyasi zilikuwapo. Akitoweka, pana jambo limetokea.

Na kikaratasi cha uongo nacho hubaki. Mtu mmoja akiandika kwa kujivuna kwamba amemwona ndege ambaye hakumwona, wengine watanakili, na kosa litaishi kuliko yeye. Kwa hiyo neno la mtu wa Pangani au wa Mwera leo lina nguvu ambayo halikuwa nayo mwaka 1891. Hahitaji bunduki, wala hahitaji mtu wa Berlin amsemee. Lakini nguvu hiyo yadumu tu akiwa mkweli.

Basi turudi barazani. Ndugu yetu afanye nini? Achukue karatasi, aandike hivi: "Njia ya Mwera kwenda Pangani, saa moja asubuhi, uwanja wa nyasi. Ndege mmoja, zaidi ya shomoro, chini ya tetere. Kifua manjano, kidani cheusi, pembe za mkia nyeupe. Aliruka chini chini akatua nyuma ya kichuguu. Jua lilikuwa mbele yangu. Koo sikuliona vizuri."

Maneno ya mwisho ndiyo yanayoipa karatasi yote thamani. Kwa karatasi hiyo twaweza kusema: si mnana, si chiriku, ni kucha-ndefu. Ni yupi katika wale wawili? Hatuwezi kusema, na tusiseme. Na mzee akimwuliza tena kama aliona au alidhani, atakuwa na jibu: "Haya niliyaona, mzee, na lile sikuliona."

Kesho akipita tena, atajua atazame koo.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini wataalamu wa karne ya 19 walikataa maneno ya mtu asiye na ngozi ya ndege? Walikuwa na haki kwa kiasi gani?

2. Mtajeni ndege mmoja wa kwenu ambaye jina lake limetoka katika sauti yake. Je, watoto wenu walijua jina hilo?

3. Kila mmoja aandike, bila kusema na mwenziwe, habari za ndege aliyemwona leo, kwa kufuata maswali matano. Kisha someni, na mtenge yaliyoonwa na yaliyodhaniwa.

4. Ni mahali gani karibu nanyi palipobadilika tangu mlipokuwa watoto? Ni ndege gani mliokuwa mkiwaona hapo?